Nauli Kwanza, Keki Baadaye

Nina machache ya kusema juu ya Siku ya Familia, ile sikukuu ambayo wazazi na ndugu zetu huitwa kuja kushinda pamoja nasi hapa shuleni. Nasikia kamati mpya itachaguliwa kabla muhula huu haujakwisha, na kwamba wenzetu fulani wamekwisha kuanza kuulizia bei ya maturubai huko Maili Moja. Kabla hawajafika mbali, ningependa wasikie habari za mtu aliyekuwamo katika kamati ya mwaka jana. Mtu huyo ni mimi.

Tulikuwa wanafunzi saba, wote wa kidato cha tatu, na mwalimu mmoja wa kutusimamia, ambaye alituamini mno akatuachia kazi. Siwezi kusema kwamba tulikuwa wavivu. Tulikutana kila Jumamosi baada ya kufua nguo, tukaandika hesabu katika daftari kubwa, tukazisahihisha mara tatu. Lakini, msomaji, ukilichunguza daftari lile utaona kwamba hatukuwa tukipanga siku ya wazazi. Tulikuwa tukipanga harusi. Kulikuwa na maturubai mawili, viti 400 vya kukodi, muziki pamoja na mshereheshaji wake, keki ya kukatwa na kulishana mbele ya mpiga picha, na fulana zenye jina la shule kwa kila mzazi ili wote wafanane. Sote tulikulia katika nyumba ambamo kadi za michango ya harusi huingia kila mara, ya mtu mmoja kwa bei yake na ya watu wawili kwa bei yake, wala hatukujua kwamba sherehe yaweza kufanywa kwa namna nyingine. Tulipojumlisha gharama tukazigawanya kwa idadi ya wanafunzi, zikatoka Sh. 20,000 kwa kila familia.

Hapa hapana budi nieleze jambo moja, maana wadogo zetu wa kidato cha kwanza labda hawalijui. Kabla ya mwaka 2016 mwanafunzi wa kutwa katika shule ya serikali alilipa ada ya Sh. 20,000 kwa mwaka, na wa bweni Sh. 70,000. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ada hizo zikafutwa mpaka kidato cha nne, na michango ya lazima ikakatazwa. Basi tazama tulivyofanya: serikali iliona kwamba Sh. 20,000 kwa mwaka mzima ni mzigo kwa mzazi, nasi tukamtaka atoe hizo hizo kwa ajili ya siku moja.

Labda mtu ataniuliza, je, hamkujua kwamba michango ya lazima imekatazwa? Tulijua sana. Ndiyo sababu juu ya karatasi tuliandika neno HIARI kwa herufi kubwa. Halafu tukaibandika karatasi ile ubaoni karibu na bwalo, na kila familia iliyolipa tukaiwekea alama ya vema kwa wino mwekundu. Wazo la alama nyekundu lilikuwa langu. Nilidhani litawatia watu moyo.

Sasa niwaeleze yaliyotokea. Nyumbani kwetu ni Wilaya ya Kisarawe, ng'ambo ya Maneromango, na mama yangu ni mkulima wa mihogo na mbaazi. Siku mbili kabla ya sherehe alipiga simu kwa mwalimu wa zamu akasema ana homa, hataweza kuja, lakini nisiwe na wasiwasi. Nilihuzunika, lakini nilikuwa mwanakamati na kazi zilikuwa nyingi, nikasahau. Sherehe yenyewe tuliifanya tarehe 26 Aprili, Sikukuu ya Muungano. Mvua ilinyesha tangu saa nne. Maji yalijaa juu ya turubai moja hata vijana wakawa wanayasukuma kwa fimbo za mifagio, na kila wakisukuma yanamwagikia mtu. Mshereheshaji alisema maneno mengi ambayo si ya kusemwa mbele ya bibi za watu. Baada ya chakula nilitumwa kuhesabu viti kabla ya mwenyewe kuvichukua. Viti 400 vilikuwa 400, hakikuibwa hata kimoja, lakini zaidi ya nusu vilikuwa vikavu, na katika mvua ile kiti kikavu ni kiti ambacho kilibaki kimekunjwa mpaka mwisho.

Likizo ya Juni nikaenda nyumbani. Mdogo wangu wa kike, ambaye hajui kuficha jambo, aliniambia tukiwa kisimani, "Kaka, mama hakuumwa. Alikuwa na nauli. Hakuwa na ile nyingine." Kisha akaniambia kwamba gunia la mihogo aliyokuwa ameing'oa ili aje nayo lilikaa nyuma ya mlango mpaka mihogo ikaanza kuharibika, ndipo wakaimenya wakaianika. Sikumwuliza mama neno. Naye hakusema neno. Alinipikia makopa yale yale, nikala.

Siandiki haya ili nihurumiwe, maana nina hakika kwamba nyuma ya vile viti vikavu kulikuwa na homa nyingi za namna ile. Nayaandika kwa kuwa sisi tulioshika kalamu nyekundu ndio tuliozileta, na kwa kuwa sikukuu ya familia yaweza kupangwa kwa gharama ndogo mno bila kumwaibisha mtu, mradi tuanze kuhesabu kutoka upande wa pili. Sisi tulianza na keki, tukamalizia na mzazi. Yafaa tuanze na mzazi akiwa mlangoni kwake, alfajiri, anatafuta gari.

Ukitazama ramani ya Mkoa wa Pwani utaona kwamba Wilaya za Kisarawe na Kibaha ni jirani, zimepakana. Mtu wa mbali angedhani kwamba mama yangu huvuka mpaka tu akafika. Lakini kwa magari ya abiria yeye huingia Mkoa wa Dar es Salaam na kutoka tena. Hupanda gari la kwanza kutoka Maneromango hadi Kisarawe mjini, la pili kushuka kwa njia ya Pugu hadi Gongo la Mboto, la tatu kwenda Mbezi, na la nne kwa Barabara ya Morogoro mpaka Kibaha. Magari manne kwenda na manne kurudi. Kwa hesabu yake yeye mwenyewe ni kama Sh. 12,000, bila kununua hata maji ya kunywa. Kwa hiyo mzazi wa namna hii amekwisha kutoa mchango mkubwa kabla hajaliona lango la shule. Kamati yetu haikuiandika nauli hiyo mahali popote katika daftari. Kwetu sisi mzazi alikuwa mtu anayetokea tu langoni, tayari ana Sh. 20,000 mkononi.

Basi shauri langu la kwanza ni hili. Fedha tutakazopata, kidogo au nyingi, za kwanza zinunue dizeli. Shule ina basi. Katika kidato chetu tuko wanafunzi 23 tutokao Wilaya ya Kisarawe. Kama kila mmoja akiita watu wawili, ni watu 46, na wanaenea katika basi bila kubebana. Basi liondoke hapa saa kumi na moja alfajiri, liwakute Kisarawe mjini, lirudi kwa njia ya Pugu, Kinyerezi na Mbezi, na jioni liwarudishe. Nimemwuliza dereva wetu, naye amekadiria lita 55 kwa safari zote nne, yaani karibu Sh. 160,000. Mzazi wa Maneromango atabakiwa na nauli ya gari moja tu badala ya manne. Wazazi wa Dar es Salaam na wa hapa Kibaha hufika kwa gari moja au mawili, nao naamini hawatalionea wivu basi hilo. Wakilionea wivu, na wapande daladala kwenda Maneromango siku moja wakati wa masika.

Shauri la pili ni juu ya tarehe. Tulichagua Aprili bila kufikiri, kwa sababu tu ilikuwa karibu. Kila mtu wa Pwani ajua kwamba Aprili ni masika. Ni mvua ndiyo iliyotulazimisha kukodi maturubai. Tena shamba wakati huo lina magugu, na mkulima hawezi kuliacha kwa furaha. Pasaka na Idi sizitaki, kwa kuwa hizo ni sikukuu za nyumbani na za ibada, na shule yetu ina watu wa dini zote. Haifai nusu yetu wawe wenyeji na nusu wageni. Tarehe 14 Oktoba, Siku ya Mwalimu Nyerere, ingependeza sana, lakini mitihani ya kidato cha nne huwa Novemba, na mzazi akija Oktoba atamkuta mwanawe amekonda, haongei ila fomula. Tarehe 9 Desemba sisi tumekwisha kuondoka.

Inabaki Nanenane. Tarehe 8 Agosti ni sikukuu ya wakulima, na wazazi wetu wengi ni wakulima. Ni kiangazi, mvua si rahisi kunyesha, na kivuli cha miembe na mikorosho yetu kinatosha watu wote bila kulipa mtu. Mavuno ya mpunga na mahindi yamekwisha kuingia nyumbani na machungwa yanapatikana. Tena hapa Kibaha jambo la kuwaita wakulima shuleni si geni. Mradi wa zamani uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, ambao Tanganyika iliufanyia mapatano mwaka 1963 na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, uliweka mahali pamoja shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha kufundishia wakulima. Mradi huo ulikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Waliokaa wakapanga haya waliona kwamba mwanafunzi na mkulima wafaa kuonana kila siku. Sisi twaomba waonane siku moja kwa mwaka.

Sasa chakula. Hapa najua wenzangu watasoma kwa makini kuliko mahali pengine pote.

Katika shule za bweni za serikali chakula cha wanafunzi hugharamiwa na serikali. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 kiwango kilikuwa Sh. 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku. Maana yake, siku ya sherehe chakula chetu sisi wanafunzi kimekwisha kulipwa, kipo ghalani. Sisi mwaka jana tulikihesabu upya kana kwamba siku hiyo hatukuwa na chakula, tukawalipisha wazazi wali wa watoto wao ambao ulikuwako jikoni. Gharama mpya ni ya wageni tu, pamoja na kitoweo cha kuwafurahisha wote.

Kidato chetu kina wanafunzi 110. Tukichukua wageni wawili kwa kila mmoja, na nina hakika hawatafika wote, ni wageni 220. Nimekwenda na mpishi wetu mkuu sokoni, tukaandika bei za siku ile. Mchele kilo 30 kwa Sh. 2,800 ni Sh. 84,000. Maharage kilo 20 kwa Sh. 3,000 ni Sh. 60,000. Nazi 40 kwa Sh. 1,000 ni Sh. 40,000. Nyama kilo 20 kwa Sh. 11,000 ni Sh. 220,000, na vipande vyake vitakuwa vidogo, nasema mapema. Mafuta, vitunguu, nyanya na chumvi Sh. 50,000. Sukari kilo 6 za chai ni Sh. 18,000. Kuni zipo. Mihogo na mchicha vinatoka katika shamba letu. Jumla ni Sh. 472,000. Ongeza dizeli Sh. 160,000, zinakuwa Sh. 632,000. Ukigawa kwa wageni 220, kila mgeni atagharimu pungufu ya Sh. 2,900, na ndani yake mna basi.

Fedha hizi zitoke wapi? Bustani yetu ya mchicha na matembele, tunayouza kwa walimu na majirani, huleta kama Sh. 30,000 kwa juma wakati ambapo hakuna mafuriko wala wavivu. Toka Mei Mosi hadi Nanenane ni majuma 14. Tukiondoa majuma manne ya likizo yanabaki kumi, yaani Sh. 300,000. Kwa zinazobaki, Bwana Mkuu wa Shule na Bodi wakiruhusu, tuweke sanduku la mbao lenye tundu, mahali ambapo mtu anaweza kupita peke yake. Mwenye kutaka kutia Sh. 50,000 atie, mwenye Sh. 500 atie, mwenye kutaka kupita tu apite. Asiwepo mwanafunzi wa kusimama hapo akitazama, na juu ya sanduku pasiwe na karatasi wala kalamu ya rangi yoyote. Na kama sanduku likikataa kujaa, kitu cha kwanza kutolewa katika orodha ni nyama, si basi. Bila nyama gharama inashuka hadi Sh. 412,000, na kwa wali wa nazi na maharage ya nazi sijapata kuona mtu wa Pwani akilia.

Tena wageni wenyewe hawapendi kuja mikono mitupu. Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzazi wa Kisarawe ana mihogo, ana machungwa, ana madafu. Wa Mlandizi labda ana mboga. Wa mjini atapita dukani achukue sukari. Haya yote tuyapokee, lakini yapokewe kwenye mlango wa nyuma wa jiko na wapishi wetu, ambao ni watu wazima wenye adabu, na yasiandikwe jina. Asiye na kitu aingie kwa mlango wa mbele kama mwenzake. Mlango wa nyuma hauonekani kutoka uwanjani. Nimekwenda kusimama nikahakikisha.

Najua kuna mtu atakayesema kwamba kuchangiana ni desturi yetu, na kwamba hata huku Uzaramo katika shughuli daftari hushikwa na majina huandikwa. Ni kweli, nami nimelishika daftari hilo mara moja katika msiba wa mjomba. Lakini yafaa tuangalie tofauti. Daftari la kijijini ni la watu wanaojuana. Aliyeandikwa leo kwa kibaba cha mchele ajua kwamba kesho yeye ndiye atakayepikiwa, na asiye na mchele huja na mzigo wa kuni au mikono yake ya kupika, na huandikwa pia. Mzazi wangu na mzazi wa mwenzangu wa Masaki hawatapikiana kamwe. Wataonana siku moja tu, na yule mmoja atakalokumbuka ni alama nyekundu. (Nasema Masaki ya Dar es Salaam, si Masaki ya kwetu Kisarawe. Majina ni mamoja, lakini nyumba sivyo.)

Mwingine atasema kwamba wazazi wenye uwezo wataidharau sherehe isiyo na keki. Labda watakuwako wawili watatu. Lakini mzazi mwenye uwezo hula keki nyumbani kwake siku atakayo, wala hakumleta mtoto shule ya bweni ili yeye apate keki. Anachokosa ni kile kile anachokosa mama yangu: kukaa na mwalimu wa hesabu akamwuliza, "Mwanangu anaelewa au anakariri?" Mwaka jana walimu walikaa meza kuu yenye vitambaa, mbali, na muziki ulikuwa mkubwa hata mzazi akitaka kusema na mwalimu sharti ampigie kelele sikioni. Wakati wa nafasi zilipotangazwa kwa kipaza sauti, wa kwanza mpaka wa mwisho, mzazi mmoja aliinama akawa anafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Kwa hiyo naomba siku hiyo kila mwalimu awe na dawati lake chini ya mwembe, na mbele yake viti viwili tu. Mzazi akae na mwanawe, waongee dakika kumi kwa sauti ya kawaida, waondoke, waje wengine. Nafasi za mtihani zisitangazwe. Katikati ya hayo tuwapeleke wageni wetu maabara, tuwaonyeshe tunavyopima asidi, tuwapeleke na bwenini waone vitanda. Mama zetu hupenda sana kuona vitanda. Sijui kwa nini, lakini wote huweka mkono juu ya godoro na kulibonyeza.

Kisha nina wazo jingine, ambalo wenzangu wamelicheka, lakini nalisema. Tuwape wazazi saa moja watufundishe sisi. Mwalimu Nyerere, ambaye alifundisha Pugu mpaka mwaka 1955, njiani kabisa ambapo mama hupita na gari lake la pili, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule zilikuwa zikimtenga mwanafunzi na jamii yake, hata akadhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa watu waliosoma, na wazee wake hawajui kitu. Mimi nimesoma maneno hayo katika somo la Uraia nikayakariri kwa ajili ya mtihani. Lakini katika kidato chetu kuna baba anayechonga mipini ya majembe, kuna bibi anayesuka mikeka ya ukindu, na mama yangu aweza kubangua korosho bila kuvunja hata moja na bila kuungua mikono kwa yale mafuta ya ganda. Hatuna mwalimu wa mambo hayo. Wakae kila mtu chini ya mti wake, wanafunzi wazunguke kama tunavyozunguka kwenye maonyesho. Haitagharimu kitu ila korosho zenyewe.

Muziki tuufanye sisi. Ngoma tunazo, na vijana wa kuzipiga wapo. Kwa kweli shida ni kuwanyamazisha usiku. Saa nane mchana iwepo mechi ya wazazi na wanafunzi, na mwamuzi awape wazazi penalti kila wanapoomba. Saa tisa na nusu basi liondoke, ili mtu wa Maneromango asilale stendi.

Nimebakiza jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko keki na mvua. Wako wenzetu ambao hawatapata mgeni hata tukiwapelekea mabasi kumi. Wengine kwao ni Kigoma au Mara, wengine hawana wazazi. Mwaka jana mimi nilikuwa mmoja wa wasio na mgeni, na nilijua kwa siku moja yale ambayo wao huyajua kila mwaka. Wakati wa chakula kila familia ilikaa katika duara lake. Nilijifanya nina kazi za kamati, nikazunguka na daftari mkononi nikitazama viti. Baba wa rafiki yangu aliniona akaniita, akanipa soda, akanisogezea sahani. Nilikula huku nimesimama, nikamshukuru, nikaondoka haraka. Alikuwa mtu mwema, lakini aliniita kwa huruma, na mtu huijua huruma hata ikiwa na soda.

Basi siku hiyo tusikae kifamilia. Kila sinia liwe la watu sita, wageni wanne na wanafunzi wawili, na majina ya wanafunzi yapangwe usiku wa kuamkia sherehe na walezi wa mabweni, ili kila penye mwanafunzi aliye na wageni awepo na mwingine asiye nao. Iwe ni kanuni kwa wote, kama ilivyo kanuni kunawa mikono, wala asiitwe mtu kwa huruma. Mama wa mmoja atamsimamia na mwingine ale mboga. Wanaojua mama zetu wanajua kwamba hawatahitaji kuombwa.

Daftari la mwaka jana ninalo, pamoja na hesabu mpya nilizoandika nyuma yake. Nitalikabidhi kwa kamati siku itakapochaguliwa, nalo naomba lisipotezwe, kwa kuwa bei za nazi zimo. Ile karatasi ya ubaoni nimeichoma. Barua za mwaliko zikiwa tayari kabla ya likizo ya Juni, tuzichukue sisi wenyewe mikononi, zisitumwe kwa simu, na ndani yake yaandikwe mambo matatu tu: tarehe, saa ambayo basi litakuwa Kisarawe mjini, na kwamba hakuna kinachodaiwa. Ya mama nitamsomea mimi, kisha nimweleze mlango wa nyuma wa jiko ulipo, maana najua atauliza kama mihogo yapokewa.